Mizamo Mia Moja Inathibitisha Nini?

Mzamiaji aliyezoea kuishia mita 40, ukomo wa uzamiaji wa burudani, akianza kutamani meli iliyozama chini zaidi ya hapo, huulizwa kwanza: umeshazama mara ngapi? PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kwa mfano, hudai mizamo 30 iliyoandikwa daftarini kabla ya kozi ya Tec 40, na 100 kabla ya Tec 50; zote ni kozi za uzamiaji wa kiufundi, yaani ule unaovuka mipaka ya burudani. Wapo wanaoona idadi hizo ni ndogo mno. Wengine wanasema kuhesabu kwenyewe ndiko kosa.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Mtu anaweza kuzama mara mia kwenye mwamba uleule, maji ya vuguvugu na maangavu, nyuma ya kiongozi anayemtazamia kila kitu. Huyo amerudia mzamo mmoja mara mia. Mwenzake mwenye mizamo 60 katika maji baridi yenye tope, ambaye kila mara hufanya zoezi la kufunga vali ya mtungi au kugawana hewa, huenda amejifunza zaidi.

Tena uzamiaji wa kiufundi humnyima mtu kimbilio alilolizoea, yaani kupanda juu. Ukikaa mita 50 kwa dakika 25, gesi iliyoyeyuka mwilini inakudai vituo njiani, usimame kwenye kina fulani hadi itoke polepole. Jua unaliona, lakini ukilikimbilia gesi hiyo itageuka mapovu mwilini, nayo yatakuumiza, pengine yakupoozeshe. Na kituoni hakuna kuyumba. Oksijeni tupu hupumuliwa kuanzia mita 6, ambako shinikizo lake ni bari 1.6. Ukiteleza hadi mita 10 linafika bari 2, na hatari ya degedege inapanda sana. Degedege chini ya maji mara nyingi huishia katika kufa maji. Kwa hiyo asiyeweza kutulia kwenye kina kimoja huku akibadilisha mtungi au kurudisha barakoa usoni hayuko tayari, hata awe na mizamo 300.

Hata hivyo siwezi kuitupa hesabu. Waliosema kuishi kwingi ni kuona mengi hawakukosea. Kuna utulivu ambao hakuna zoezi la bwawani linaloutoa. Mita 50 chini, kila pumzi hula gesi mara sita ya ile ya juu ya maji, na mwenye hofu huvuta haraka zaidi. Akipumua hewa ya kawaida, nitrojeni nayo inamlevya bila yeye kujua. Aliyezama sana husikia pumzi yake ikibadilika mapema. Huona teke la mwenzake limekuwa zito kabla mwenzake hajatoa ishara yoyote. Jicho hilo linataka muda, na sijaona njia ya mkato.

Ila uzoefu nao haumpi mtu kinga. Sheck Exley alikuwa miongoni mwa waasisi wa uzamiaji wa mapangoni, mtu aliyechambua vifo vya wenzake ili wengine wapone. Alifariki mwaka 1994 huko Zacatón, shimo refu lililojaa maji nchini Mexico, akijaribu kuvuka mita 300. Simlaumu. Nasema tu kwamba ni wachache mno waliokuwa wamezama kumzidi.

Kwangu mimi, idadi ibaki kuwa mlango wa kuingilia, na cheti kitokane na kinachoonekana majini. Mwanafunzi akae mita 6, avue barakoa, abadilishe gesi, amsaidie mwenzake kufunga vali, kisha isomwe saa yake ya kina. Amehama nusu mita, au mita tatu? Akihama tatu, mwalimu amrudishe akazoeze hayo kwenye maji ya kina kifupi, hata kama ada imeshalipwa na tiketi ya safari imeshakatwa. Mwalimu anayeogopa kusema “bado” namhofia kuliko mwanafunzi mwenye mizamo michache, na ningependa kila anayetafuta kozi amuulize kwanza: ni wangapi umewahi kuwarudisha?