Kasi Inaficha Mikono Mibovu

Kuna video inazunguka kwenye magrupu yetu warushaji droni ya WhatsApp, na kila anayeileta anaiwekea alama za moto na makofi. Droni ya FPV, ile ambayo mrushaji huvaa miwani na kuona kinachoonwa na kamera yake, inashuka kutoka juu ya minazi, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yamekupwa. Inapita juu ya vichwa vya kinamama wanaofunga mwani, chini kiasi kwamba mmoja wao anaachia kamba na kujikinga uso kwa kanga. Kisha inapaa, inajipindua, muziki unapandishwa, mwisho.

Niliirudia mara nyingi, na kila nilipoirudia hasira zilizidi. Kwa ajili ya wale kinamama kwanza, ambao wako kazini, na hakuna aliyewauliza kama wanataka mapanga manne yenye kuzunguka kwa kasi ile yapite juu ya utosi wao. Lakini itazame tena kwa jicho la mrushaji. Baada ya kuwapita, droni inakata kona kushoto. Pua inateleza nje ya kona, picha inayumba, droni inaporomoka karibu iguse maji ya kidimbwi, halafu inaokolewa kwa throtli ya ghafla, yaani kuzipa mota nguvu nyingi kwa mara moja. Pale hakuna aliyekuwa akiiongoza droni. Ilipona kwa bahati, na chini ya bahati hiyo walikuwepo watu.

Nikaandika kwenye grupu kwamba kijana yule ana uthubutu, ila arudi kwenye mazoezi ya msingi. Jibu likaja muda ule ule: "Mazoezi ya watoto hayo. Mkono mtu anazaliwa nao." Na wengi wakamkubalia. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu naliona ni jambo la hatari kuaminiwa na vijana wenye vipaji kama wetu.

Hakuna anayezaliwa na mkono wa akro, yaani wa kurusha bila msaada wa kusawazishiwa. Nyote mnajua ilivyo: ukiachia stiki, droni haijisawazishi, inabaki na mlalo ule ule uliouacha. Urefu kutoka chini haujishiki wenyewe, unaushika wewe kwa kidole, kila sekunde. Ukiilaza ubavu nyuzi 45, unahitaji nguvu karibu mara 1.4 ya ile ya kuelea ili isishuke. Ukiilaza nyuzi 60, unahitaji mara mbili kamili. Kidole gumba cha kushoto kinatakiwa kiijue hesabu hiyo bila ya wewe kuifikiria, tena wakati huo huo kikigeuza pua, wakati kidole cha kulia kinalaza na kuinamisha. Kuna mtoto gani aliyezaliwa na elimu hiyo kidoleni?

Sasa nije kwenye kiini. Watu wanadhani mwendo wa kasi ndio mgumu na mwendo wa polepole ndio wa wanaoanza. Ni kinyume chake. Droni ikienda kasi, msukumo wake wenyewe unaibeba kupita makosa yako. Kona uliyoikata vibaya inaonekana kwenye video kama mbwembwe. Ukishuka mita moja bila kukusudia ukiwa juu ya mnazi, hakuna anayejua. Lakini mwambie mtu huyo huyo aruke kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kwa urefu wa kifua, azunguke miti miwili kwa umbo la nane, urefu usibadilike na umbali kutoka kwenye mti usibadilike. Hapo kila kitu kinaonekana. Throtli inayopanda na kushuka inaonekana. Pua inayochelewa kugeuka inaonekana. Na lile ambalo karibu sote tunalo, la kuwa na upande mmoja tunaougeukia vizuri na mwengine tunaoukimbia, linaonekana kuliko yote, kwa sababu nane haikuachi uchague upande. Unageuka kushoto, unapita katikati, unageuka kulia, na kidole kile kile kinatakiwa kifanye kazi kwa kinyume chake.

Nimewaona warushaji wenye video za kusisimua kabisa wakishindwa kumaliza nane moja safi. Hawakushindwa kwa kukosa ujasiri. Hawajawahi kukaa na kosa lao muda wa kutosha walitambue.

Na mwendo wa polepole wenyewe una sharti ambalo wengi hawalitimizi, halafu wanasema zoezi halifai. Shusha kamera! Mmeinua kamera nyuzi 30 na zaidi kwa sababu ndivyo wanavyofanya watu wa mashindano. Kamera ikiinuliwa hivyo, ili uone mbele lazima uinamishe pua, na ukiinamisha pua droni inakwenda, utake usitake. Iteremshe mpaka 10 au 15, kisha uanze. Utaona pia jambo jengine: kamera ikiwa imeinuka, ukigeuza pua peke yake bila kulaza ubavu, picha nzima inapinda. Kugeuza na kulaza lazima viende pamoja, kwa uwiano unaobadilika kila ukibadilisha mlalo wa kamera. Uwiano huo haukai kichwani. Unakaa kidoleni, na unafika huko kwa kurudia.

Kuna kijana mmoja wa Mwera ninayemfuatilia, simtaji jina kwa sababu hajataka. Baada ya alasiri, kabla wenzake hawajaanza mpira, huchukua pembe ya uwanja. Amechomeka miti miwili ya mikandaa, na juu ya kila mmoja amefunga kipande cha kanga kuukuu kimuoneshe upepo unakotoka. Wakati wa kusi vile vitambaa hulala pembeni kabisa. Akigeuka huku upepo uko nyuma yake, duara linataka kupanuka. Akigeuka kuukabili, droni inasita, na akizidisha throtli kidogo tu inapaa. Kwa hiyo hapati nane mbili zinazofanana hata mara moja, na yeye anaisawazisha kidogo kidogo. Vidole vyake, ukikaa karibu naye, huvioni kwenda. Vinatetema tu, kama vya mtu anayehesabu tasbihi.

Siku moja nilikuwepo alipopita mzee mmoja na baiskeli yake, akasimama.

"Mwanangu, hii ndege yako mbona inazunguka pale pale tu?"

Kijana akatua kwanza, akavua miwani. "Shikamoo, babu. Najifunza kugeuka."

"Marahaba. Na ukishajua?"

"Nitaanza upande wa pili, pua iangalie mti."

Alikuwa akisema lile zoezi la kuzunguka mti huku kamera inautazama, ambapo unalaza upande mmoja na kugeuza pua upande wa pili. Ni gumu kuliko nane, na ndilo linalolipa, maana kila hoteli inataka picha ya kulizunguka bwawa lake. Nilichokipenda zaidi ni kule kutua kwanza. Hakumjibu mzee huku droni iko hewani na miwani iko usoni. Hayo nayo ni mazoezi.

Huku kwetu hakuna mtoto aliyeanza chuo cha Kurani kwa sura ndefu. Alianza na alifu kwa kijiti, akarudia mpaka mama jikoni naye akahifadhi, na leo anasoma bila kusita. Hatukusema mazoezi yale ni ya wasio na akili. Kwa nini kwenye droni tunasema?

Anayedhani haya ni maneno ya wakongwe wenye wivu, aangalie waliofika juu. Mwaka 2022, karibu na Zurich, watafiti wa chuo kikuu cha mji huo waliishindanisha droni inayoongozwa na akili bandia na marubani watatu, mmoja wao Alex Vanover, aliyekuwa bingwa wa DRL, ligi ya mashindano ya droni, mwaka 2019. Njia ilikuwa na geti 7 tu, ndani ya eneo la mita 25 kwa 25. Mabingwa hao, pamoja na yote wanayoyajua, walipewa wiki nzima ya kuizoea njia ile ile moja kabla ya mashindano. Na mashine yenyewe, ambayo ndiyo iliyopata muda bora zaidi, ilijifunza kwa kurudia na kukosea ndani ya simuleta, yaani urushaji wa kuigiza kwenye kompyuta, kabla ya kurushwa kweli. Bingwa anarudia geti 7 kwa wiki. Sisi tunaona aibu kurudia miti miwili kwa jioni moja.

Nakubali kwamba simuleta haikufundishi kila kitu. Haina kusi, haina jua la saa nane kwenye mchanga mweupe, wala haikufundishi ule moyo unaokudunda ukijua kifaa kikianguka ndio basi. Lakini kwa sisi ambao mota moja ikiungua tunasubiri kifurushi kutoka China kwa wiki kadhaa, kuikataa simuleta ni kuutupa muda wa kujifunza. Rimoti ile ile unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, unaruka usiku kucha bila kuvunja panga hata moja. Ila humo ndani pia fanya nane. Usiingie kupiga pindu tu.

Nakubali pia kwamba furaha ina nafasi yake, na mtu asiyefurahi hatoendelea. Sawa. Betri mbili za mwanzo zipe zoezi, ya mwisho cheza nayo unavyotaka.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Tua seli ya betri ikifika volti 3.5, usisubiri picha ikatike. Na betri ambazo hutumii zihifadhi kwenye 3.8, usiziache zimejaa 4.2 kwenye joto la chumba chenye bati. Ikianguka kwenye maji ya chumvi, chomoa betri kwanza, suuza kwa maji matamu, ikauke kabisa. Chumvi ikikaa usiku mmoja inakula bodi. Awepo mtu pembeni yako anayeangalia kwa macho yake, maana wewe mwenye miwani ni kipofu wa kila kitu kisicho mbele ya kamera. Sajili droni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, omba kibali, na mjulishe sheha kabla watu hawajampigia simu. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume uko pua na mdomo na mji, kwa hiyo upande ule usifikirie kabisa. Na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kuta zake za mawe na chokaa si geti za mashindano.

Kuna waliosema kwamba visiwa hivi havina utamaduni wa kufundishana haya mambo. Si kweli. Mwaka 2016 ilipoanza kazi ya kupiga picha za ramani kwa droni, Unguja na Pemba, wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwa miongoni mwa waliorusha. Zile ni droni za mabawa zinazofuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta, na najua mtaniambia hazihitaji vidole kama FPV. Hazihitaji, ni kweli. Lakini hakuna aliyepewa ile ndege siku ya kwanza akaambiwa nenda kairushe juu ya Chake Chake. Walifundishwa, wakasimamiwa, ndipo wakaachiwa. Tunachokikosa kwenye FPV ni wakubwa wa kusimama pembeni na kusema "rudia", na wadogo wa kukubali kuambiwa.

Na hapa naligeuza lawama kwa wanaolipa. Video ile ya wanawake wa mwani haikupigwa kwa ajili ya mapenzi tu. Ni tangazo la kijana kwa hoteli: tazameni navyoweza kupita karibu. Wenye hoteli za Nungwi, Paje na Jambiani, nyinyi ndio mnaoamua mikono gani ipate kazi. Mkiendelea kumlipa anayetisha zaidi, ndiyo itakuwa skuli ya vijana wetu, na siku moja panga litamkata mgeni wenu, au mtoto wa mfanyakazi wenu, au mama aliyeinama kwenye kamba zake za mwani, ambaye hana habari hata na bei mliyokubaliana.

Mnaweza kulizuia kwa dakika tano, ambazo ni muda wa betri moja. Kabla hamjamuonesha kijana bwawa wala mapokezi, mpelekeni pahala pa wazi, wasipokuwepo wageni. Wekeni viti viwili vya plastiki, umbali wa hatua kumi. Mwambieni aruke nane kwa urefu wa kifua, polepole, kisha ageuze mwelekeo aianze upya upande wa pili, kisha akizunguke kiti kimoja kamera ikikitazama. Hamhitaji kujua chochote cha FPV kuona kama droni inapanda na kushuka, au kama kiti kinakimbia nje ya picha. Akiweza, mlipeni vizuri, tena zaidi ya mlivyozoea. Akishindwa, mpeni maji ya kunywa, mwambieni aje tena baada ya mwezi, na mkisema hivyo mumaanishe kwamba mlango uko wazi. Akikataa kujaribu, tafuteni mwengine, yule wa Mwera yuko.