Umoja wa Kitaifa Zanzibar: Waliopatana Ikulu na Waliobaki Shehiani

Miafaka ya 1999 na 2001 baina ya CCM, chama tawala, na CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati huo, ilibaki ahadi za vyama viwili, na kila mmoja ukavunjikia mikononi mwa waliousaini. Maridhiano yaliyoanza Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipokutana na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, Ikulu ya Zanzibar, yalikwenda mbali zaidi kwa sababu yaliingizwa ndani ya katiba. Wananchi waliyaridhia katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010 kwa asilimia 66.4, na tangu hapo chama cha pili kwa kura kina haki ya kutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, huku mawaziri wakigawanywa kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi. Je, serikali ya namna hii inaweza kuung'oa uhasama wa vyama, au huutuliza tu baina ya uchaguzi mmoja na mwingine?

Ugumu wa swali hili unatokana na umri wa uhasama wenyewe. Katika Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957, wafuasi wa ASP (Afro-Shirazi Party, iliyokuja kuungana na TANU kuunda CCM) na wa Hizbu (chama cha ZNP) walisusiana madukani, kwenye mabasi na hata mazikoni, na waliokuwa wakilima mashamba ya watu walifukuzwa kwa sababu ya chama. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, mpaka ule ule ukaonekana tena: mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, na CUF ikachukua viti vyote vya Pemba. Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi, na Wapemba zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya.

Wanaoitetea serikali ya umoja wana hoja nzito, nami naiheshimu. Mwaka 2010 pengo lilikuwa jembamba vile vile, asilimia 50.1 za Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM kwa 49.1 za Maalim Seif, lakini Maalim alikubali matokeo hadharani na hapakumwagika damu. Watu hawakuwa wamebadilika tabia kwa miezi michache. Kilichobadilika ni gharama ya kushindwa, kwa kuwa aliyeshindwa safari hii alijua kwamba hatafungiwa nje ya kila kitu kwa miaka mitano.

Lakini utulivu ule haukuhimili uchaguzi uliofuata. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi mzima. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata zaidi ya asilimia 91, na umoja ukafa bila katiba kubadilishwa hata neno moja. Katikati ya miezi hiyo, kwenye sherehe za Mapinduzi za Januari 12, 2016, lilibebwa bango la kuwatukana machotara na Hizbu, zaidi ya nusu karne baada ya Hizbu kuondolewa madarakani. CCM iliomba radhi, na ilikuwa sawa kufanya hivyo, ila bango lile lilionesha lugha ambayo miaka mitano ya kukaa pamoja barazani haikuifuta. Umoja ulifufuliwa Desemba 2020, ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif, ilipokubali kuingia serikalini baada ya uchaguzi uliogharimu maisha ya watu Pemba.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa iko chini kuliko wanakotazama wengi. Kijana aliyetimiza miaka 18 anahitaji kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ili aandikishwe kupiga kura, na njia ya kukipata inapitia kwa sheha, mkuu wa shehia (eneo dogo kabisa la utawala), ambaye hachaguliwi na wakaazi bali huteuliwa na serikali. Kwa miaka mingi wapinzani wamelalamika kwamba vijana wa nyumba zinazojulikana kwa chama chao huambiwa warudi kesho, na kesho haifiki. Masheha wanajibu kwamba wanazuia wasio wakaazi, jambo ambalo katika kisiwa kidogo chenye wahamaji wengi si kisingizio kitupu. Hata hivyo, maadamu mwamuzi ni mteule wa upande mmoja, hata uamuzi wake wa haki hautaaminika.

Huko Makamu wa Kwanza hafiki. Katiba inamfanya mshauri mkuu wa Rais, ilhali shughuli za serikali barazani zinaongozwa na Makamu wa Pili, anayetoka chama cha Rais. Ndiyo maana sioni mantiki ya kuusubiri umoja wa juu ushuke wenyewe hadi mitaani. Serikali inayotaka kuushinda uhasama huu inaweza kuanza na mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wake kisheria: kuwaachia wakaazi wamchague sheha wao, na kuitazama upya kura ya mapema, iliyowekwa na Sheria ya Uchaguzi ya 2018 kwa ajili ya watendaji na walinzi wa uchaguzi. Tume inaieleza kuwa ni utaratibu wa kawaida wa kuwawezesha wanaokuwa kazini siku ya uchaguzi, lakini kwa wapinzani imegeuka chanzo cha shaka kabla kituo cha kwanza hakijafunguliwa kwa wananchi. Kuanza na masheha ni rahisi zaidi, kwa sababu hakuhitaji kura ya maoni wala mpatanishi kutoka nje.