Posa Iliyoota Majani

Katika tangi la samaki la lita 80 lililopo sebuleni kwetu Mwanza, mmea niliouchagua kwa hiari yangu ni Pistia, ule wenye majani manene yaliyofunguka kama saladi, ambao huelea juu huku mizizi yake ikining'inia majini na kuwapa watoto wa gapi mahali pa kujificha wasiliwe na mama zao. Lemna sikuichagua. Ilikuja imejibanza kwenye mizizi ya Pistia, ikiwa majani machache ya kijani yasiyozidi milimita 5, kila jani likiwa na mzizi mmoja mwembamba kama kwamba halikukusudia kukaa.

Pistia ina adabu zake. Haipendi kusukumwasukumwa na maji yanayotoka kwenye filta, wala haipendi matone ya mfuniko yadondokee juu ya majani yake, kwa maana huoza. Nilichukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, nikauunganisha ncha kwa ncha ukawa duara, nikauacha uelee juu ya maji ili pabaki nafasi ya kutupia chakula na kupitishia mwanga. Pistia iliheshimu mpaka huo. Lemna ilisubiri siku ya kubadilisha maji, kiwango kiliposhuka na maji mapya yakavurugika, ikapita chini ya mpira na kuibukia upande wa pili.

Mmea huu hula amonia na naitreti zinazotokana na uchafu wa samaki, jambo ambalo ni jema, lakini ukipata mwanga na uchafu wa kutosha unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu. Usipoupunguza, hufunika uso wote wa maji, mimea ya chini ikakosa mwanga na samaki wakaanza kuhema. Kwa hiyo kila mwisho wa juma huuchota kwa wavu, nikauweka kwenye ndoo yenye maji kidogo, kisha nikauanika juani mpaka ukauke kabisa ndipo niuweke kwenye maua. Kuumwaga mtaroni ni mwiko, hasa katika mji ambao mitaro yake huishia ziwani. Baba mkubwa, aliyevua samaki Ukerewe katika miaka ya 1990, wakati gugumaji lilipoziba ghuba mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka na wakaletwa wadudu wa jamii ya fukusi kulitafuna, hajawahi kupita mbele ya tangi langu bila kulitazama kwa jicho la mwendesha mashtaka.

Siku ya posa ya mdogo wangu ikaangukia mwisho wa juma. Nilikuwa nimekwisha kuchota Lemna asubuhi, na ndoo ilikuwa kivulini ukumbini. Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, na mama, aliyekuja kutoka kijijini kwa ajili ya shughuli hiyo, huhesabu kumwaga maji kuwa ni jambo la karibu sana na dhambi. Akaikuta ndoo, akaiona ina maji, akayamimina kwenye pipa la uani, akaisuuza ndoo na kuifunika. Mtu anaweza kumlaumu mke, mtoto au jirani, mama halaumiwi.

Wageni walipoketi, mpwa wangu akazunguka na jagi na beseni kuwanawisha. Mshenga, mzee wa kanzu nyeupe na ndevu zilizochanwa vizuri, akanawa mikono na, kwa sababu ya joto, akajipangusa na uso. Lemna hung'ang'ania ngozi yenye maji, na kwenye ndevu hung'ang'ania zaidi. Mzee akakohoa, akanyoosha kanzu na kuanza:

"Wazee wenzangu, shida iliyotuleta si kubwa. Tumepita hapa tukaona ua zuri katika bustani yenu."

Bustani yenyewe ilikuwa imetapakaa kidevuni mwake. Baba mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akajibu kwa sauti ya upole:

"Karibuni sana, mshenga. Ila naona mmekwisha kuanza kuchuma."

Shangazi mmoja akatoka mbio kuelekea jikoni akiwa ameziba mdomo kwa khanga. Huko jikoni ndiko nilikogundua kwamba kachumbari nayo ilikuwa imeoshwa kwa maji ya pipa, lakini ilikuwa imekwisha kupelekwa mezani, na mgeni mmoja alikuwa akiisifu kwa kutiwa giligilani nyingi. Hatukuwa na giligilani nyumbani. Nilitaka kueleza kwamba Thailand watu hula Wolffia, ndugu wa karibu wa mmea huo, lakini mama alinitazama, nikaondoa sahani kwa kisingizio cha kuongeza ndimu.

Aliyetuokoa ni baba mdogo wa bwana harusi, mfugaji wa samaki, ambaye alibandua jani moja kwenye kidole chake, akaligeuza, akatangaza kwamba sato hulipenda sana na kwamba lina protini nyingi. Akauliza kama tuna akiba. Kutoka hapo mazungumzo ya ng'ombe yalikwenda kwa urahisi usiotarajiwa, na jioni aliondoka na ndoo nzima iliyofungwa kitambaa juu, huku baba mkubwa akimsindikiza mpaka kwenye gari ili kuhakikisha kwamba mzigo unaondoka kweli.

Vifaranga vyake vya sato vilikuwa bado havijafika, akaitia Lemna kwenye bwawa tupu la saruji ivisubiri. Kabla ya siku ya kupeleka mahari akatutumia ujumbe, kwa njia ya mshenga kama desturi inavyotaka, akiuliza iwapo upande wa bibi harusi unapokea zawadi zilizorudishwa.