Shemeji na Stelingi Ishirini

Jamani, anayeuliza tena kama muvi za My Hero Academia, ile katuni ya Kijapani ya wanafunzi wa shule ya mashujaa, zinaangalika bila kuona siriz yake, ajibiwe kwa heshima: zinaangalika. Hata harusi usiyoalikwa unaweza kwenda, na pilau utakula. Ila usimgeukie jirani kila dakika kumuuliza bibi harusi ni yupi.

Ukitaka kuelewa bila kuuliza, muvi ya kwanza, Two Heroes ya 2018, inataka uwe umemaliza msimu wa 1 na wa 2. Vipindi 38, dakika kama 24 kila kimoja, saa 15 na ushee. Heroes Rising ya 2019 ingoje msimu wa 4 uishe. World Heroes' Mission ya 2021 inaingia katikati ya msimu wa 5, You're Next ya 2024 baada ya wa 6. Hilo halihitaji kikao.

Sasa umpate shemeji. Rafiki utamfukuza, mdogo wako utamtuma dukani, ila shemeji ni shemeji. Two Heroes ndiyo kwanza inaanza, ugali uko mezani.

"Shem, stelingi ni hili jitu la miraba minne?"

"Hapana shem, huyo All Might, shujaa namba moja. Stelingi ni Deku, kale ka nywele za kijani."

"Kale kanakolialia?"

Unameza tonge. Ndiyo, kale kanakolialia.

"Mbona All Might kakonda ghafla? Anaumwa?"

Haya, eleza: alijeruhiwa zamani, tumbo likatolewa, pafu likaharibika, lile umbo kubwa analimudu kwa muda mfupi tu kwa siku. Na ni siri.

"Siri gani, mbona mimi nimejua?"

Kimya. Mboga inapoa.

"Na hako katoto nguvu kamezitoa wapi?"

"Kapewa na All Might."

"Kwa mganga?"

"Kamemeza unywele wake, shem."

Shemeji anarudisha tonge sahanini. Anaitazama sahani. Anamtazama dada yake. Kuanzia hapo ugali hauliki tena, na wa kulaumiwa ni wewe.

Lakini hanyamazi. Anataka kujua kwa nini Deku hapigi kwa nguvu zote. Kwa sababu wakati huo mwili wake unahimili asilimia 5. Akizidisha, mifupa inavunjika. Ndiyo maana Melissa, yule binti mbunifu wa kwenye muvi, anampa ile kinga ya mkono inayostahimili ngumi tatu za nguvu kamili.

"Si angeivaa tangu msimu wa kwanza?"

Hapo ndipo panapouma, maana swali ni la haki! Kinga lazima ivunjike kabla muvi haijaisha, la sivyo siriz nzima itaulizwa iko wapi. Darasa la 1-A, la kina Deku, lina stelingi ishirini, na stelingi hafi, ndivyo tulivyokubaliana tangu banda la video. Kwenye Heroes Rising Deku anamkabidhi Bakugo, mwenzake wa darasani, nguvu zote, wanapiga adui pamoja mpaka nywele zinakusimama, halafu? Bakugo hakumbuki kitu. Vyombo vimerudishwa kabatini.

Na bado tunaangalia. Maana kwenye Two Heroes, All Might na Deku wakirusha ngumi bega kwa bega, uliyeona msimu wa 3 unajua kilichompata yule mzee baadaye. Shemeji anaona ngumi. Wewe unaona mtu anaaga.

Halafu anaaga shemeji. Anataka awekewe muvi zote kwenye flashi yake. Faili kubwa kuliko GB 4 linagoma, kwa sababu flashi imeformatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili; ukiibadilisha kuwa exFAT, mfumo mpya zaidi, TV yake ya zamani haiisomi. Maandishi ya chini nayo hayatokei mpaka faili lake lipewe jina lilelile la muvi, herufi kwa herufi. Kwa hiyo anaondoka na flashi yako, iliyo tayari. Flashi ikishaenda kwa shemeji huwa hairudi, kama pasi, kama ile chaja nyeupe. Na pasi yenyewe ilikuwa ya jirani.