Mizani Kumi na Sita Jikoni kwa Mama Mkwe

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafunga mabegi matatu, mawili ya watoto na moja langu, tunakwenda kwa wakwe. Wakwe wa zamani, kama anavyopenda kunisahihisha rafiki yangu mmoja, maana mimi na baba watoto tumeachana mwaka wa nne huu, naye anaishi mbali kiasi kwamba hata wazazi wake anawaona kwenye simu tu. Ndani ya begi langu, chini kabisa, chini ya nguo za kulalia na mfuko wa dawa, kuna daftari. Kwa muda mrefu nililisafirisha daftari hilo kama mtu anayepitisha magendo.

Naandika mashairi. Sijachapisha kitabu na sina mpango huo. Miongoni mwetu tunaolea peke yetu, wengine hufuma, wengine huchora, na yupo baba mmoja ninayemfahamu, analea mapacha peke yake, ambaye usiku huchonga ndege za mbao kwenye kona ya chumba chake cha kulala. Sote tunaulizwa swali lile lile: "Hivi muda huo unaupata wapi?" Ukilisikiliza vizuri utagundua si swali. Mtu anataka kujua muda huo umemwibia nani.

Nianze na la wakwe, kwa sababu ndilo watu wanalolishangaa. Naenda kufanya nini kule? Jibu langu ni fupi: talaka ilikuwa ya watu wawili. Bibi hakutalikiwa. Babu hakutalikiwa. Binti yangu ana miaka tisa na anacheka kicheko cha bibi yake yule, kile cha kuanza kimya kimya kisha mabega yakatikisika. Mdogo wake ana miaka mitano, hakumbuki kabisa kuishi nyumba moja na baba yake, lakini mlango wa kwa bibi anaujua kwa mlio. Siwezi kumkatia mtoto nusu ya ukoo wake eti kwa sababu mimi naona haya kukaa sebuleni. (Nasema haya nikijua si wakwe wote wanaokalika nao. Kama ulikotoka palikuwa na kipigo au matusi, haya hayakuhusu, na usikubali mtu akuburuze huko kwa jina la undugu.)

Lakini ziara ni kazi, tusidanganyane. Safari yenyewe ni mabasi mawili na mtoto mmoja anayetapika. Ukifika, mtalaka hana cheo. Si mgeni wa kukirimiwa, si mwenyeji wa kufungua makabati. Ukikaa, unaonekana umekuja kuhudumiwa. Ukisimama, wifi anakuuliza kwani umeambiwa kuna kazi. Mimi nilipata hifadhi yangu kwenye beseni la vyombo. Ukiosha vyombo unaipa sebule mgongo na hakuna anayekuuliza mbona umenyamaza. Zaidi ya hayo, mikono ikiwa ndani ya maji kichwa kinakuwa huru, na shairi linahitaji kichwa tu.

Hapo ndipo ninapogombana na washauri. Ukiwa mzazi pekee mwenye kitu unachokipenda, kila mtu atakupa ushauri mmoja: amka saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Niliujaribu. Siku tatu za kwanza nilijiona shujaa. Siku ya nne niliandika ubeti ambao mpaka leo sijui ulikuwa unahusu nini. Siku ya sita niliwaamsha watoto, nikawaogesha, nikawavalisha sare, nikawapeleka shule, tukakuta geti limefungwa. Ilikuwa Jumamosi. Mlinzi alinitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. Nyumba ya watu wazima wawili angalau ina mmoja wa kusema "jamani, leo hakuna shule." Kwangu usingizi wangu ndio walinzi wote wa nyumba, na nikiupunguza anayelipa ni mtoto. Kwa hiyo ushauri huo nauweka pamoja na ule wa "lala mtoto anapolala." Aliyeutunga alikuwa na mtu wa kumfulia.

Kilichonisaidia ni kupunguza kipimo. Shairi la tarbia lina mishororo, yaani mistari, minne katika kila ubeti, na kila mshororo kwa kawaida una mizani, yaani silabi, kumi na sita: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Zidisha, utapata mizani 64. Hizo ndizo deni langu la wiki, basi. Mizani nane zinaenea kwenye foleni ya choo, zinaenea mtoto anapotafuta soksi, na zinahesabika kwa vidole bila kalamu. Zamani nilikuwa napaka rangi za maji, na nilizipenda, lakini rangi haingoji. Ukiitwa "mama, njoo unipanguse" ukirudi karatasi imekauka pale usipotaka, na alama ya ukingo haitoki. Ubeti unaweza kuuacha katikati ya neno, ukarudi kesho ukaukuta vile vile, umekaa unakusubiri. Sisemi kila mtu aandike mashairi. Nasema anayelea peke yake ajiulize kama kitu anachokipenda kinavumilia kukatizwa. Kama hakivumilii, atakuja kuwachukia wanaomkatiza, na wanaomkatiza ni watoto wake.

Suala la fedha nalipita haraka. Wifi aliwahi kuniambia, kwa nia njema kabisa, "Si ungejifunza kushona, uuze?" Sitaki. Kitu kikishapata wateja kinakuwa kazi nyingine, na kazi ninazo.

Turudi kwenye daftari. Nilikuwa nalificha kwa sababu kila nilipoandika nilijiona mwizi. Wakwe wakiwachukua watoto uani kwa saa mbili, nilihisi saa hizo nimepewa nifue, nikunje, nipige pasi, nionekane nimechoka kwa sababu inayoeleweka. Kuchoka kwa kuandika hakuna anayekuhurumia. Basi nikawa naandika chooni. Mwanamke wa umri wangu, nimefunga mlango, natafuta kina cha kati, ile silabi inayofanana mwishoni mwa kila ukwapi, huku mtoto akigonga.

Aliyenitoa chooni ni Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858 mshairi huyo wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, akiwa mjane na akiugua kwa mwaka mzima, alimtungia bintiye utenzi wa beti zaidi ya mia. Mafundisho yake juu ya mke na mume siyabebi yote, na tungekutana tungebishana mpaka usiku wa manane. Ila mwanzoni mwa utenzi ule kuna jambo nililisoma mara nyingi bila kuliona: anamwita binti yake asogee, akae, aje na wino na karatasi. Hakusubiri mtoto alale. Alimwita.

Nami nikamwita wangu. Nilikuwa naosha vyombo kule kule kwa bibi yao, mikono ina povu mpaka viwikoni, na nilikuwa na mishororo mitatu na nusu kichwani inayotaka kuniponyoka. Nikamwambia binti, "Nenda kwenye begi langu, chini kabisa, niletee daftari uniandikie." Akaja nalo mbio, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalamba ncha ya kalamu kama karani wa zamani. Mama mkwe alikuwa anapanga sahani kabatini. Nikaanza kumsomea mtoto, kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika nyumba ile:

Kiatu kimoja kipo, mwenzake haonekani,
Nimetafuta tulipo, sebuleni na jikoni,
Honi inalia papo, basi liko mlangoni,
Mwanangu, sema kilipo...

(Najua kiatu hakisemwi "haonekani." Nilikipa utu ili mizani isizidi. Washairi wanaruhusiwa, na mama wanaochelewa wanaruhusiwa zaidi.)

Nikakwama. Utao wa mwisho ulikuwa umenigomea tangu Jumatano. Nilikuwa nagonga vidole ukingoni mwa beseni, nane, nane, kina kiishe na "ni," na kila kilichokuja kilikuwa cha kulazimisha. Binti alikuwa ameinua kalamu ananisubiri. Mama mkwe, bila kugeuka, sahani mkononi, akasema:

"Tusichekwe na jirani."

Nikadhani ananionya. Wazo lililonijia kwanza ni kwamba tumepiga kelele. Kisha vidole vyangu vikahesabu vyenyewe: tu, si, che, kwe, na, ji, ra, ni. Nane. Na kina kimekaa.

"Mama, umesemaje?"

"Si unataka inayoishia na 'ni'? Mtoto bila kiatu, basi limesimama, honi inalia. Mimi ningeogopa majirani." Akafunga kabati. "Andika, mjukuu wangu, mama yako asije akaubadilisha."

Sikuubadilisha. Ni utao bora kuliko wowote ambao ningeutunga mwenyewe, kwa sababu una hofu ya kweli ndani yake. Miaka yote niliyomjua mama huyu, tangu siku ya kutolewa posa, sikuwahi kujua kwamba anaogopa majirani. Nilimwona kama mtu ambaye majirani ndio humwogopa. Jioni hiyo, watoto wamelala, alinieleza jinsi alivyowalea wanawe wa kwanza mzee akiwa kazini mbali, miezi inakatika hajamwona, na jinsi alivyokuwa akiimba akiwa anafua ili wapita njia wasijue kwamba analia. Nyimbo alizitunga mwenyewe. Hakuziandika popote. Alipoona nashangaa akaniuliza, "Kwani wewe unadhani ulikuwa wa kwanza?"

Sitaki kuipamba hadithi hii. Mambo mengine yako pale pale. Wifi bado ananitupia jicho. Mdogo bado anatapika kwenye basi la pili, siku hizi hata la kwanza. Zipo Jumamosi ninazokosa nguvu ya kwenda, nikapiga simu nikasema ukweli kwamba nimechoka, badala ya kusingizia homa ya mtoto kama zamani. Nimejifunza pia kutaja saa ya kuondoka mara tu tunapofika, mbele ya watu wote, maana ziara isiyo na mwisho unaojulikana huishia kwa ugomvi wa mlangoni na watoto waliopitiliza usingizi. Na daftari sasa linasafiri juu ya nguo.

Kuna gharama moja ambayo sikuitarajia. Ukishaacha kujificha, watu wanakuwa na maoni. Binti yangu anataka beti zake ziandikwe kwa kalamu ya zambarau. Babu anasema tungo za siku hizi hazina ladha. Naye mama mkwe ameanza kunipigia simu katikati ya wiki, mimi niko kazini, ananiuliza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye siri kama nimeshapata kina cha kati.

Mwezi uliopita nilimwachia nakala ya shairi zima, beti saba, nikiwa nimejivunia sana. Tulipofika mara hii aliwakumbatia watoto, akapokea begi, akaniambia kabla sijavua viatu:

"Ubeti wa tano, mstari wa pili. Umezidi mizani moja."

Nilihesabu nikiwa bado nimesimama mlangoni, mara tatu, kwa vidole. Umezidi kweli.