Mpokeaji Hajengwi na Mashine ya Kurusha Mipira

Kila Agosti, kambi za futiboli ya vyuo vikuu Marekani zinapofunguliwa, mitandao hujaa video za aina moja: mpokeaji, yaani mchezaji anayekimbia kudaka pasi, kasimama mbele ya mashine ya JUGS ya kurusha mipira, mpira unafyatuka, anaudaka kwa mkono mmoja, wenzake wanashangilia. Mtindo huu ulipamba moto tangu Odell Beckham Jr., zao la Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), alipodaka kwa mkono mmoja ule mpira wake dhidi ya Dallas Novemba 2014. Sina ugomvi na mkono mmoja. Ugomvi wangu ni wa muda. Wakati wa msimu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inaruhusu saa 20 tu za shughuli za timu kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na humo humo mna vikao, kutazama video na kunyanyua vyuma. Kocha wa wapokeaji akibahatika anapata dakika 15 kwa siku akiwa na watu wake peke yao. Akizimaliza kwenye kudaka, amefundisha kitendo cha mwisho na kuviacha vyote vinavyomfikisha mchezaji kwenye mpira. Beki akikuganda mgongoni, vidole vya dhahabu havina kazi.

Anza na kusimama. Mguu wa ndani, yaani ulio upande wa mpira, unatangulia. Asilimia 80 hivi ya uzito ikae juu yake, kifua kiwe juu ya goti la mbele, kisigino cha nyuma kiwe kimeinuka. Mchezo ukianza, mguu wa mbele unasukuma ardhi na wa nyuma ndio unaopiga hatua ya kwanza. Kosa la wachezaji wengi wa mwaka wa kwanza ni kuurudisha kwanza ule mguu wa mbele nyuma kidogo, ndipo waondoke. Wanafanya hivyo kwa sababu uzito umekaa katikati na mwili unatafuta pa kujisukumia. Kumfokea kijana hakumsaidii. Kunja taulo, iweke nyuma ya kisigino cha mguu wa mbele, akiikanyaga, anarudia. Na aanze kwa macho, autazame mpira ukiondoka chini. Anayetegemea kusikia sauti ya kwotabeki, yaani mrusha pasi, atachelewa siku atakayocheza Michigan mbele ya watu zaidi ya 100,000.

Kisha kuna beki anayekukaba uso kwa uso. Hapa vyuoni ni kugumu kuliko ligi ya kulipwa, NFL, na nashangaa makocha wanavyolipita jambo hili. NFL humzuia beki kumsukuma mpokeaji zaidi ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia. Vyuoni mpaka huo haupo: maadamu mpira haujarushwa na mpokeaji bado yuko mbele yake, beki anaweza kumgonga hata kwenye yadi ya 8. Kwa hiyo lenga bega lake moja, usimwendee kifuani. Miguu icheze ndani ya upana wa mabega yako. Ukiitanua zaidi umejifunga mwenyewe. Ngoja ishara: nyonga zake zifunguke, au mkono wake utoke. Mkono ukitoka, upige kwenye kifundo kwa mkono wako ulio karibu, na mkono wa pili upenye chini ya kwapa lake. Ukishampita, rudi mbele yake mara moja ili abaki mgongoni kwako, maana ukibaki sambamba naye bado anaufikia mpira. Wengi hupiga chenga tatu za kupendeza na kubaki palepale. Kwotabeki huachia pasi fupi ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, kwa hiyo njia ya slanti, ile mbio fupi ya kukata mshazari kuelekea katikati ya uwanja, hufa wakati mpokeaji bado anacheza ngoma mstarini.

Kwenye mpira mrefu wa pembeni, linda yadi 5 kati yako na mstari wa nje. Alama ipo uwanjani: chini ya zile namba kubwa ni yadi 7 kutoka mstari wa pembeni, basi kimbia yadi 2 nje ya namba. Ukiruhusu beki akusogeze hadi yadi 2 kutoka mstari huo, kwotabeki hana pa kuuangushia mpira.

Sasa breki, ambazo ndizo zinazomtofautisha mpokeaji na mkimbiaji wa mita 100. Mtu anayekimbia kwa kasi yote na kutakiwa kugeuka yadi ya 12 anahitaji hatua tatu fupi. Katika hizo tatu nyonga zinashuka, mabega yanabaki mbele ya magoti, na mikono inaendelea kukata hewa kama anakimbia. Tazama mikono kwanza. Ikitanuka kama mbawa, kifua kitainuka, na beki mwenye akili husoma kifua hicho hicho. Akiona kimeinuka anajua unasimama, naye anasimama na wewe. Mguu wa kugeukia utue chini ya mwili, vidole vikielekea mbele. Ukitua mbali nje, njumu zinateleza, hasa kwenye nyasi zenye umande, na mchezaji analaumu viatu. Baada ya kugeuka, kichwa kiwahi kuliko mabega, kisha urudi kuelekea mpira: njia ya kutoka nje iliyovunjwa yadi ya 12 iishie yadi ya 10 au 11. Anayegeuka na kusimama kuusubiri mpira anampa beki nafasi ya kukatiza mbele yake.

Mwaka 2020 DeVonta Smith wa Alabama, mwenye uzito usiofika kilo 80, alidaka pasi 117 kwa yadi 1,856 na tachidauni (mabao) 23, akawa mpokeaji wa kwanza kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, tangu Desmond Howard wa Michigan mwaka 1991. Mwili wa namna ile hauwezi kusukumana na mabeki. Zitazame hatua zake kabla ya kugeuka. Kudaka ni sehemu rahisi ya alichokifanya.

Kudaka kuna kanuni chache. Mpira ulio juu ya kifua, vidole gumba vikutane. Ulio chini ya kiuno, vidole vya mwisho vikutane. Mgumu ni ule unaokuja usawa wa kitovu, kwa sababu mikono haijui igeukie wapi. Kunja magoti uufanye mpira wa juu. Kwenye mpira unaokuja kupitia bega, chelewesha mikono: kuinyoosha mapema kunapunguza kasi na kumwambia beki kuwa mpira umefika. Mipira mingi hudondoka kwa sababu ya macho. Mchezaji anageuza uso kutafuta pa kukimbilia kabla hajaufungia mpira kwapani. Andika namba kwenye mipira, kila adakaye aitaje kwa sauti. Mashine haitibu ugonjwa huo, kwa kuwa inaleta mpira ule ule, mahali pale pale, kwa mtu aliyesimama. Ukiitumia, ipe mgongo, geuka kwa filimbi, daka, funga, kimbia yadi 5. Na glovu zenye kunata zisimdanganye mtu siku ya mvua.

Kingine ni foleni. Wapokeaji 12 kwenye mstari mmoja, zamu moja ikichukua sekunde 10, kila mmoja anasubiri dakika mbili. Katika dakika 5 hakuna aliyefanya zaidi ya mara tatu. Gawa mistari mitatu, wasaidizi wasimamie miwili, na kila mpira udakwe mwishoni mwa njia iliyokimbiwa. Kwangu dakika 15 ni hivi: 5 za kutoka mstarini, 6 za breki, 4 za njia nzima yenye pasi. Kucheza na mstari wa pembeni kwaweza kuingia humo humo; vyuoni mguu mmoja ndani unatosha pasi ihesabiwe, ingawa wenye ndoto za NFL huzoea miwili.

Kuzuia mabeki ili kumfungulia njia mbeba mpira hufundishwa Jumatatu na kusahauliwa Jumanne. Kimbilia beki kwa kasi ili arudi nyuma akidhani ni pasi, punguza mwendo yadi 3 au 4 kabla ya kumfikia, tanua miguu, weka mikono ndani ya kifua chake, kisha mfuate anakokwenda bila kumrukia. Ukimrukia na kumkosa, mbeba mpira wako anagongwa bila kinga. Akishakupita, mwachie: kumvuta jezi kunagharimu yadi 10, na hatua alizokimbia mwenzako kupita mahali pa kosa zinafutwa.