Soko lako ni waliohifadhi nambari yako

Mtu akipoteza kazi Nairobi, akaamua kuuza viatu vya mitumba kwa simu, mara nyingi huanza hivi: anaomba kuingizwa kwenye makundi kumi ya WhatsApp ya wafanyabiashara, anabandika picha ileile kote, kisha anangoja. Wasimamizi humtoa, na wengi wakimripoti, WhatsApp yaweza kuifunga nambari yake kabisa. Nasema makundi hayo yana faida kubwa, ila mgeni huyaingia kwa mlango usiofaa.

Brodkasti ya WhatsApp, yaani orodha ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja, kila mmoja faraghani, hubeba watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyeihifadhi nambari yako kwenye simu yake. Una wateja 200 na waliokuhifadhi ni 15? Unaongea na hao 15. Basi unapokabidhi mzigo pale Archives, katikati ya jiji, mwombe mteja aihifadhi papo hapo, kwa jina atakalolitafuta siku akihitaji kiatu. "Viatu Gikomba", kwa jina la soko la mitumba la Nairobi, litamjia haraka kuliko jina lako.

Siku kumi za kwanza kundini usiuze chochote. Soma. Tazama watu hujibu saa ngapi, bei gani wanazikataa, maswali gani yanarudi kila wiki. Mtu akiuliza saizi 42 ya Ulaya ni ngapi ya Uingereza, mjibu ni kama 8, umshauri apime mguu kwa rula, maana mitumba hutoka nchi nyingi na saizi hazilingani. Aliyejibiwa vizuri huja mwenyewe faraghani.

Tangazo la kwanza liwe la jozi moja, picha nne: ubavu, soli, lebo ya ndani na kasoro. Piga karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, na uandike urefu wa ndani kwa sentimita. Kasoro usiifiche. Soli iliyoachia ngozi kidogo tu, ikionekana pichani, mtapatana bei. Mteja akiigundua mkikutana, nauli yako imekwenda bure na kundi zima litasikia.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme kiatu umenunua 600, kukiosha na kamba mpya 80, boda ya 150 kwa jozi tano ni 30 kila jozi, bando 20. Hiyo ni 730. Ukiuza 800 kwa kuwa mwenzako kundini anauza 800, umebaki na shilingi 70, na bado hujahesabu muda wako. Huenda yeye hununua kwa bei ya jumla, usimfuate.

Ujumbe wa malipo uliotoka kwa nambari ya kawaida ni feki, wa kweli hutoka kwa MPESA. Hata hivyo angalia salio kabla ya kuachilia mzigo, hata mteja akikuharakisha. Na kundi linalokutoza ada ya kujiunga, kisha likakulipa kwa kuleta watu wengine, ondoka siku hiyohiyo, hata kama aliyekuingiza ni ndugu yako. Pesa za kuanza upya ni chache mno kuwekwa pale.

Anza na jozi tano. Ambayo haijatoka kwa wiki tatu, iuze kwa gharama yake, hizo 730, urudi Gikomba na pesa mkononi.